Jua Kavu, Magharibi ya Bonde la Ufa

Jumatatu, 30 Agosti 1971

Majani yetu ya chai yamemwagwa tena! Lori lilijaa kabla ya kunifikia, mimi wa mwisho kwenye foleni ya kituo cha kupimia chai. Yakilala mpaka kesho yanakuwa meusi, na kiwanda hakitaki. Kazi ya kutwa, shimoni! Bochaberi, mke wangu, ndiye huchuma (mimi nina mgongo). Ameniambia waziwazi: yakimwagwa mara moja tena, anachukua watoto na kurudi kwa kaka yake huko Nyaribari, Kisii. Nilicheka. Yeye hakucheka. Huyu akisema amesema.

Mwenye makosa ni jirani yangu Bethwel. Kila siku wa kwanza kituoni, na vikapu vitano! Lakini redio hana. Redio ya mlima huu mzima ni yangu mimi. Kila jioni watu huja kwangu kusikiliza hali ya hewa, maana ngurumo za mwezi huu si mchezo, na hakuna anayetaka radi imkute katikati ya chai. Leo mtangazaji amesema: mvua ya radi na ya mawe, magharibi ya Bonde la Ufa, alasiri, wiki nzima. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Betri zinakata roho.

Jumanne, 31 Agosti

Betri zimekufa. Nilitaka kuzianika juani. Jua lenyewe liko wapi? Nikaziweka karibu na moto, moja ikavuja. Jioni, watu hao! Nikaingia chumbani na redio, nikakaa kidogo, nikatoka na uso wa msiba. Nikawatangazia: kesho mvua ya mawe, tena tangu asubuhi, kila jiwe kama kiazi. Rebeccah, mke wa Bethwel, alishika kifua. Bethwel akaapa hatatia mguu shambani. Safi kabisa! Kesho lori zima ni langu.

Bochaberi ameuliza kama hivyo viazi vitairuka chai yetu. Nimemwambia achume tu.

Jumatano, 1 Septemba

Asubuhi jua zuri ajabu. Vikapu vitatu! Kituoni tulikuwa sisi na karani Onsongo, basi. Nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Na wa mwisho pia, lakini wa kwanza! Lori likaja mbio. Nikainua mkono. Likapita! Dereva alipiga kelele dirishani kwamba kuna mvua ya mawe kama viazi inakuja, anawahi kiwandani Litein kabla barabara haijawa uji. Nani kamwambia? Rebeccah, njiani. Mdomo wa mama huyu hauna breki!

Bochaberi akatua kikapu polepole. Baadaye akasema nimwage haya, leo ananisamehe, lakini kesho ndiyo mwisho. Nimwage? Vikapu vitatu? Nimeyatandaza chini ya kitanda, kimyakimya. Kesho nitayaficha chini ya mabichi. Jioni nimewatangazia watu: jua kavu, mikoa yote. Lazima wachume, ili lori lisimame.

Alhamisi, 2 Septemba

Nilichanganya majani Bochaberi akifunga mtoto mgongoni, hakuona. Kituoni nikawa wa kwanza! Mlima wote ulikuja. Bethwel alileta vikapu saba, akanishukuru kwa habari njema. Saa nane mbingu ikawa nyeusi. Radi ikaupiga mkaratusi ng'ambo ya barabara, ukapasuka mpaka chini. Mvua ya mawe ikaanguka kwenye mabati kwa kelele hata hakuna aliyeweza kuniuliza kitu. Lakini wote walikuwa wananitazama!

Ilipoisha, lori lilikuwa limekwama huko chini. Bethwel akasema tuyabebe tulifuate. Tukabeba, matope mpaka magotini. Bochaberi alikaza mwendo, mtoto mgongoni, akawapita wanaume, akafika wa kwanza. Alikuwa anatabasamu! Sijamwona akitabasamu tangu Juni. Onsongo akatia mkono mpaka chini ya kikapu, akatoa konzi ya majani meusi, yenye joto. Akamwaga yote, ya jana na ya leo, mbele ya watu.

Bochaberi alitazama majani. Kisha akanitazama mimi.

Ijumaa, 3 Septemba

Jana jioni majirani walikuja wote. Nikajua leo napigwa. Kumbe wameleta betri mpya! Bethwel alisema redio ilikosea kwa kuishiwa nguvu, mimi sina lawama. Nikakataa, nikasema wasijisumbue. Rebeccah akazitia mwenyewe. Mtangazaji akanguruma: kama tulivyowaarifu kila siku tangu Jumatatu, mvua ya radi na ya mawe, alasiri.

Bethwel aliniuliza, kwa upole sana, jua kavu lilitangazwa na redio gani. Nikasema labda ya Uganda.

Bochaberi alikuwa mlangoni, amesikia yote. Leo asubuhi amepanda basi la Kisii na watoto. Sikuweza kumzuia. Nimelia. Naandika bila haya, nimelia.

Jumamosi, 4 Septemba

Nimejaribu kuchuma mwenyewe. Sikumaliza hata mstari mmoja. Mgongo, vidole, umande mpaka kiunoni! Na yeye hufanya hivi kila siku, na mtoto juu. Nimeona aibu. Nikaamua: nakwenda Nyaribari leo hii, napiga magoti, namwambia ukweli wote. Nikavaa viatu. Nikafunga mlango.

Kisha nikakumbuka: shemeji hana redio!

Naenda nayo. Nitawatangazia kwamba Jumatatu kuna mvua ya mawe ya kutisha, Nyaribari peke yake, na kila mgeni arudi kwake mapema. Huku kwetu, jua kavu. Kikwazo ni kimoja tu: hizi betri mpya zinasema kweli.

Nimezitoa.