Ombi la Kutangaziwa Kwamba Baiskeli Imekamilika

Kwako Shemeji, Fundi wa Baiskeli,
Kibandani kwako, nyuma ya posta.

Ndugu Shemeji,

Pole na kazi. Sisi tu wazima, ila mimi nimechoka, na naandika mtoto akiwa amelala mapajani, kwa hiyo mwandiko ukiyumba usinicheke.

YAH: BAISKELI YA MUME WANGU KUTOKWISHA

Shemeji, mwenzangu alipotoka kwako na fremu tupu, alisema anajiundia baiskeli ya kwendea kazini, isiyo na friwili. Kisha angefunga keria na kiti cha mtoto, awe anampeleka kwa mlezi asubuhi, nami ninywe chai ikiwa moto. Nilifurahi. Wakati huo mtoto alikuwa tumboni. Sasa anatembea. Malalamiko yangu ni haya:

1. Keria haijafungwa. Kwanza tulisubiri rimu. Rimu zilipokuja, usukani ukaonekana mzee. Usukani ulipobadilishwa, mnyororo ukaona haya. Kila kipya kinamzeesha jirani yake. Nikiuliza keria, naambiwa itaharibu umbo. Umbo lipi, shemeji? Mbona mimi nami nilikuwa na umbo?

2. Vipuri vilivyostaafu vinahamia kwangu. Usukani wa zamani ndio wa kuanikia taulo. Rimu inaning'inia dirishani na nepi. Siti ya kwanza kaifunga kwenye kigoda cha jikoni. Nakata vitunguu kama niko mashindanoni.

3. Ulinieleza mwenyewe kwamba bila friwili, gurudumu likizunguka na pedeli zinazunguka. Hakuna kupumzisha miguu mpaka usimame. Mtoto wangu naye kaumbwa hivyo hivyo. Nyumba moja haiwezi kubeba viwili vya aina hiyo, na mtoto siwezi kumrudisha.

4. Hili ndilo kubwa. Nilimtuma kliniki na mtoto. Muuguzi akauliza uzito wa mara ya mwisho. Mume wangu akajibu kwa furaha kwamba tulikuwa kilo kumi na mbili, tumejitahidi sana, tumeshuka mpaka tisa, na bado tunapunguza. Alipoulizwa amepunguzaje, akasema alianza kwa kutoa breki ya nyuma. Sasa muuguzi anakuja kwangu kukagua masufuria, na majirani wananiletea chakula kwa huruma.

5. Jumamosi nilimwambia, kwa upole, jamani si imekwisha sasa. Nilimaanisha imekamilika. Yeye akasikia imechakaa. Akainama, akapapasa spoku moja moja kama mbavu za mgonjwa, akakimbilia kwako. Ukamuuzia magurudumu mapya. Shemeji, wewe ulijua nilichomaanisha.

Kwa hiyo naomba utamke mbele yake, kwa sauti ya kifundi, kwamba baiskeli imekamilika. Tumia neno hilo, si lile lingine. Kisha funga keria na kiti, hata akilia. Ukishindwa, nitakuletea mtoto hapo kibandani kila asubuhi, umfungie friwili.

Usidhani naionea wivu baiskeli. Nampenda mume wangu. Namtaka asubuhi tu, kwa kikombe kimoja cha chai.

Nisalimie mkeo, mama mkwe wako, na yule mteja wako anayebishana na pampu. Mtoto naye anakusalimu. Neno lake la kwanza lilikuwa "spoku", la pili bado tunalisubiri.

Ni mimi shemeji yako, nisemaye taratibu lakini sirudi nyuma,
Mama wa Mtoto Asiye na Keria.

Nyongeza: Naandika haya juu ya meza yako, umetoka. Nilichelewa kukuletea barua hii, nikamwachia mume wangu mtoto, nikaja nimeipanda hiyo baiskeli. Shemeji! Nilikipita kibanda chako kwa makusudi, nikazunguka posta, nikazunguka tena. Keria usifunge, itaharibu umbo. Mtoto atabebwa mgongoni na baba yake, waje polepole. Mimi nishushie siti kidogo tu.