Farasi Watatu wa Tshopo na Debe la Mawese

Jumatatu, 10 Oktoba 1960

Matandiko: jumla ya vitu vinavyomtenganisha farasi na mpandaji, na wakati huohuo kuwaunganisha. Yaani tandiko lenyewe, vikuku vya kukanyagia, mkanda wa tumbo na hatamu. Mpandaji si sehemu ya matandiko. Nalisema hili kwa sababu leo mwanafunzi mmoja aliuliza.

Hali yetu. Wabelgiji wa klabu ya farasi waliondoka Kisangani mwezi Julai. Waliacha farasi watatu, matandiko matatu na kitabu kimoja cha Kifaransa kuhusu utunzaji. Mimi, Feruzi, nilikuwa karani wao na ndimi pekee niliyekisoma. Kwa hiyo mimi ni msimamizi. Kaimu, kwa usahihi.

Kamishna mpya alifika asubuhi. Jumapili, alisema, vijana ninaowafundisha watapita mbele yake na farasi. Wakipita vizuri, zizi litabaki shule yao. Wakishindwa, litakuwa ghala la askari, na farasi watapelekwa kwa muuza nyama. Alitamka hayo bila kupandisha sauti. Wakati huo Princesse, jike mzee mwenye doa jeupe, alikuwa akinilamba mkono. Nilibaki mtulivu. Kwa nje.

Jumanne, 11 Oktoba

Ukaguzi. Mvua, siku ya tisa. Kwato: kavu, safi, hazina harufu ya kuoza, kinyume cha yale kitabu kinayotabiri kwa majira ya mvua. Sababu: mihadhara yangu mitatu kuhusu kwato. Sioni maelezo mengine.

Ngozi ya matandiko: ukungu wa kijani, ugumu wa ubao. Kitabu kinadai mafuta ya kwato za ng'ombe. Hayapo. Meli ya mwisho haikuleta hata chumvi. Jafari, mshona viatu wa hapa mtaani Tshopo, aliomba apewe matandiko: angeyafuta ukungu, angeyaanika kivulini, kisha angeyapaka mafuta kidogo sana, kama mtu anavyompaka mtoto mchanga. Jafari hasomi Kifaransa. Nilimshukuru kwa ubaridi.

Nimetafakari. Mafuta ni mafuta. Mawese yapo, debe zima. Na ikiwa kidogo kinafaa, kingi kinafaa zaidi. Sioni kasoro katika hoja hii.

Jumatano, 12 Oktoba

Debe limekwisha. Matandiko yamelowekwa tangu jana. Zizi linanukia sombe ya sikukuu, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese. Mbuzi wa jirani wamekuja kuchungulia.

Vijana, wakiongozwa na Élise, binti wa mwalimu, umri miaka kumi na miwili, waliomba ruhusa ya kuwatembeza farasi. Nikaitoa. Ilinipa nafasi ya usingizi wangu wa mchana.

Alhamisi, 13 Oktoba

Jaribio. Nilimpanda Princesse mimi mwenyewe, kwa suruali nyeupe, kama kitabu kinavyoagiza. Hatua kumi: sawasawa. Hatua ya kumi na moja, mkanda wa tumbo ukaanza kurefuka. Jambo la kustaajabisha, kisayansi. Tandiko lilihama polepole upande wa kushoto, nami pamoja nalo, hata nikajikuta chini ya tumbo la farasi nikiutazama mguu wake wa nyuma kwa karibu mno. Princesse alisimama. Namshukuru. Kwato, nilithibitisha, safi.

Élise hakucheka. "Tonton," alisema, yaani mjomba, "suruali yako iko nyekundu yote, kule nyuma."

Wengine walicheka kwa niaba yake.

Ijumaa, 14 Oktoba

Nilimwita Jafari kwa barua. Alikuja na barua mkononi, haijafunguliwa. Aliubonyeza mkanda, mafuta yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Papa Feruzi, hii ngozi imelewa. Uiache ilale juma mbili. Ikiamuka, tutaongea."

Majuma mawili! Nina siku mbili. Princesse anakula kama kawaida; hajui. Mimi sikuweza kula.

Jumamosi, 15 Oktoba

Nilipendekeza tumwandikie kamishna kwamba farasi wanaumwa. Élise alijibu kwamba wanaoumwa ndio watakaotangulia buchani. Hoja sahihi. Imeniudhi.

Kisha akakiri. Tangu Agosti, kila nikilala mchana, vijana huwapanda farasi mgongo mtupu hadi mtoni. Huwaogesha. Huwakausha kwato kwa nyasi kavu, moja baada ya nyingine, kama Jafari alivyowafundisha. Yote haya kitabu kinayakataza katika ukurasa wa kwanza. Niliwakemea ipasavyo. Halafu nikawauliza kama wangeweza kupita hivyo mbele ya kamishna. Walisema wangeweza hata wakiwa usingizini.

Jumapili, 16 Oktoba

Walipita. Migongo mitupu, hatamu tu mkononi, shingo juu, Élise mbele juu ya Princesse. Kamishna akainuka. Nilishika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili.

"Munaona?" akasema. "Farasi yetu inatembea hata bila kiti ya Mubelgiji. Bon. Hakuna mutu atagusa hii zizi."

Makofi. Akauliza wazo hili ni la nani. Nilisimama. Haraka kidogo, nakiri. Jafari akaanza kukohoa. Élise pia alishikwa na kikohozi.

Princesse yu hai! Nilikaa kando yake zizini hadi jioni.

Jumatatu, 17 Oktoba

Msimamizi kamili, kwa barua ya kamishna yenye muhuri. Jafari amekabidhiwa ngozi zote, nimeridhia. Nimelala kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Sasa mantiki ifuate mkondo wake. Imethibitishwa mbele ya umma kwamba tandiko si la lazima. Vikuku vimeanguka pamoja nalo, mkanda vilevile. Imebaki hatamu. Kesho saa mbili asubuhi nitampanda Princesse bila hatamu, kuelekea mtoni. Mto umefurika. Jafari anasema farasi asiye na hatamu huenda anakotaka yeye. Hilo ni dai, si ushahidi. Lakini tuseme ni kweli: ikiwa Princesse atakwenda anakotaka, nami nikaazimia kutaka hukohuko, ni nani kati yetu atakayekuwa anaongoza?