Vyungu Vyetu Wenyewe

Alhamisi, 1 Agosti 1912

Neli, mfinyanzi wa Ikombe, kaleta mtumbwi wa vyungu. Bei ileile: unajaza chungu mpunga, anachukua mpunga, unabaki na chungu. Mke wangu Tusekile kachagua kikubwa. Karibu nilie! Nikawatangazia majirani kwamba kijiji chenye akili hufinyanga vyungu vyake. Lazaro wa jirani akauliza nani atafinyanga. Mimi! Akacheka mpaka akashika mbavu. Wivu tu.

Nikamchimba Neli kwa ujanja. Akasema udongo huchanganywa na unga wa vigae, usipasuke motoni. Siri nzima, bure!

Ijumaa, 2 Agosti

Udongo ninao. Vigae sina. Nyumba nzima hakuna chungu kibovu! Basi nikavunja kile kipya. Hakikutosha. Nikazunguka kwa majirani, nikaahidi viwili kwa kila kimoja. Nimepata kumi na kimoja! Hata Lazaro katoa chake, eti anataka kuona mwisho wake.

Tusekile akauliza atapikia nini. Nikamwambia mvumilivu hula mbivu. Akasema basi tuanze na mbichi.

Jumatatu, 5 Agosti

Vyungu ishirini na viwili! Vingine vimeegemea kidogo. Neli huacha vikauke siku nyingi, lakini watu hapa wanakula ndizi za kuchoma tangu Ijumaa na wameanza kunitazama vibaya. Nikawasha moto.

Vililia kama bunduki. Askari aliyekuwa akipita njiani akajitupa mtaroni. Hakikubaki hata kimoja.

Tusekile kafunga mzigo, kaenda kwa mama yake. Hakuaga. Nyumba imekuwa kubwa mno, na mimi nina huzuni.

Alhamisi, 8 Agosti

Neli karudi. Majirani wote walikuwa ufukweni na mpunga wao, wananung'unika jina langu. Na kaleta vikubwa tu! Mtumbwi umeondoka umezama nusu kwa mpunga wetu. Akanishukuru mbele ya watu, ndaga fijo, hajapata kuona mtu wa kumsaidia kuuza kama mimi. Akanipa kichungu cha bure.

Nimempelekea Tusekile. Karudi, kwa sharti moja: nisiguse chungu tena. Nimeapa juu ya Biblia. Jioni tumekula wali. Nimefurahi sana.

Jumamosi, 10 Agosti

Kiapo nakishika. Vyungu sigusi.

Ila majembe! Mbona tunawategemea Wakinga wa milimani? Jembe ni chuma, na chuma huyeyushwa. Lipo la Tusekile, jipya kabisa. Haliwezi kutosha. Kesho baada ya ibada nitazungumza na majirani.