Kobe Waliopenda Kabichi

Jumatatu, 3 Juni
Mkuu wa hifadhi anataka kujua msitu una kobe wangapi. Kazi nimepewa mimi! Miwani, mtakwimu wetu, kanuna. Njia yenyewe rahisi: kamata kobe, wapake rangi mgongoni, waachie. Wiki ijayo kamata tena. Wenye rangi wakiwa wachache, basi kobe ni wengi. Wote wakiwa na rangi, basi wamebaki hao hao. Miwani anasema sehemu za kukamatia zichaguliwe kwa kura ya bahati, msitu mzima. Kwenye miiba ile? Thubutu! Nimemwaga kabichi nyuma ya ofisi. Kobe wamejileta wenyewe. Nimewapaka rangi nikiwa kitini.

Jumatatu, 10 Juni
Kabichi tena. Mke wangu kauliza kama nimeoa mbuzi huko kazini. Nikamwambia ni utafiti. Kobe wamekuja mbio, kama kobe anaweza mbio. Wote wana rangi! Kazi safi.

Jumatano, 12 Juni
Balaa. Mkuu kapiga hesabu, kisha kakaa chini taratibu. Kobe wa msitu mzima ndio hawa wa nyuma ya ofisi! Keshokutwa lori litawapeleka bustani ya wanyama mjini, kuokoa kizazi. Wafie nyuma ya nyavu kwa ajili ya kabichi zangu? Mmoja alikuwa akitafuna kamba ya kiatu changu, hana habari. Nilitaka kumwambia Mkuu ukweli, nikaogopa. Nikamfuata Miwani, nikamsihi tuhakikishe kwa njia yake. Kesho.

Alhamisi, 13 Juni
Miiba! Shati limekwisha. Lakini chini ya kichaka, kobe. Hana rangi! Bondeni, wengine. Hawana rangi! Nilipiga kelele, nikambusu mmoja. Miwani akanitazama.
“Kumbe ulikuwa unahesabu wageni wako wa kabichi?”
Nikakohoa sana.

Ijumaa, 14 Juni
Lori limerudi tupu. Alhamdulillahi! Mkuu kacheka mpaka machozi. Miwani hakunichongea kwake, kasema tu kwamba sampuli ilielemea upande mmoja. Mtu mwema, japo ananiudhi. Nimepumua kwa mara ya kwanza tangu juzi.

Jumatatu, 17 Juni
Kazi mpya: kuhesabu bundi kwa kusikiliza milio yao, msitu mzima. Miwani kashaanza kupiga kura ya sehemu za kusikilizia. Anapoteza muda. Mimi naweza kulia kama bundi. Nikilia vizuri, watakuja wote nilipo.