Mume Wangu Anaongea na Paka

Chamazi, Temeke,
Dar es Salaam.

Ndugu Mhariri wa Vitabu vya Watoto,

Natumaini u mzima wa afya, maana lawama nilizonazo zinahitaji mtu mwenye nguvu.

Mimi ni mama wa Tusajigwe, mwanafunzi wa darasa la tano. Mwezi uliopita mwanangu aliazima shuleni kitabu mlichokichapa ninyi, kile chenye paka hakimu na chura mganga, ambamo wanyama huzungumza na yeyote mwenye subira. Na chura sina ugomvi. Namlalamikia paka, kwa sababu hizi:

1. Tusa alipomaliza kitabu alikaa kibarazani mbele ya paka wetu, akingoja aseme. Paka huyo hana jina, tunamwita Paka. Baba Tusa, Brightson, karani wa yadi ya makontena kule Kurasini, akarudi kutoka kazini akamkuta mtoto hapo. "Baba, haongei mpaka wewe uanze," mtoto akamwambia. Ili mtoto aende akale, baba akaanza. Hajaacha mpaka leo.

2. Ndugu Mhariri, mume wangu si msemaji. Nikimwuliza kazi ilikuwaje, "poa tu." Nikimwuliza wali umeivaje, "poa tu." Nilishazoea, nikajua Mungu kampimia maneno machache. Kumbe anayo tele! Jirani yangu Bi Chausiku alinichungulia juu ya ukuta: "Shoga, mna wageni? Namsikia shemeji anacheka." Nikamwambia ni redio. Mmenifanya mwongo.

3. Paka ameambiwa kwamba kitenge changu cha kijani kinanipendeza. Mie nilisikia nikiwa jikoni. Nimekivaa wiki nzima, nikipita huku na huko mbele ya mhusika, sijaambulia kitu. Neno langu lilishapewa mwingine.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Juzi nikisonga ugali nilimsikia akimwambia Paka kwamba ofisi inataka kumhamishia Tunduma. "Mama Tusa nitamwambiaje, bwana? Ana kwaya yake hapa, ana wateja wake wa maandazi. Akikataa itabidi niende peke yangu, na sitaki." Bwana! Paka ni jike. Ugali uliungua. Uhamisho wa nyumba yangu paka anaujua kabla yangu, wala hakunidokezea, ingawa anayempa dagaa ni mimi.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu toleo lijalo lirekebishwe. Wanaoongea wawe nyangumi na twiga, ambao hawafiki Chamazi. Ikishindikana, paka waongee na watoto tu, na akija mwanamume mwenye ndoa wajifanye wamelala. Ikishindikana hata hilo, ongezeni sura moja ambamo paka hakimu anagonga meza na kumwambia mtu mzima: "Kamwambie mkeo."

Nisalimieni wote hapo ofisini: wapiga chapa, mhasibu, na hasa aliyemchora chura. Kazi yake nimeipenda.

Ni mimi, mwenye kuumia kwa adabu,

Felicitas (Mama Tusa)

Nyongeza: Tafadhali msifute hata mstari mmoja wa kitabu. Nilipomaliza kuandika nilitaka kujua kama barua ina heshima ya kutosha, na kwa kuwa Tusa alikuwa kwa rafiki yake, nikamsomea Paka. Sikujua Brightson amesharudi na yuko dirishani. Akaingia, akakaa mkekani upande wa pili wa Paka, akamwuliza: "Eti, Mama Tusa anasemaje kuhusu Tunduma?" Nikamwagiza Paka amjibu kwamba hata Tunduma watu wanakula maandazi, na kwaya zipo, ila mtu aulizwe. Paka akaulizwa kuhusu shule ya Tusa, nikajibu. Akaulizwa kama nimekasirika, nikajibu kwa kirefu. Tukaendelea hivyo mpaka chai ikapoa, na kati yetu hakuna aliyeona Paka alipoondoka.