Wino Wako Mwekundu Umenitoa Nyumbani

Kwa Daktari Obonyo, msimamizi wa tasnifu ya mume wangu,

Pole na kazi ya kusahihisha. Mimi ni Jacinta, mke wa Obiero, yule mwanafunzi wako wa shahada ya uzamili katika usimamizi wa wafanyakazi wa kimataifa. Hatujaonana, lakini umekuwa ukitawala nyumba yangu ya Migosi, hapa Kisumu, tangu mwaka jana, kwa hiyo naomba niseme nawe kama mtu wa nyumbani. Nimekwazika, na sababu ni hizi:

1. Mume wangu amenifanya mgeni. Tasnifu yake inahusu wafanyakazi wanaotumwa ng'ambo. Kampuni zilipomfungia mlango, akaamua kunichunguza mimi, ati kwa sababu nilitoka Port Victoria nikaletwa Kisumu. Yawa! Port Victoria ni Kenya, Daktari. Samaki wetu na wa kwao Obiero, Asembo Bay, wanakunywa maji yale yale ya ziwa. Hata hivyo nilikalishwa kwenye kochi nikafundishwa jinsi ya kuzoea mazingira mapya, na hapo nimeolewa miaka saba.

2. Kila Ijumaa napimwa utendaji kazi. Ugali wangu "unakidhi matarajio." Uhusiano wangu na mama mkwe "unahitaji kuboreshwa." Mama Milka mwenyewe alipokuja kututembelea alipewa fomu ya kunipa alama kabla hajapewa chai. Alimgombeza mwanawe mpaka majirani wakatoka nje, na tangu siku hiyo mimi naye tunapatana sana. Hilo nalo Obiero hakuliandika popote.

3. Hapa ndipo unapoingia wewe. Kila unaporudisha sura ya tasnifu, nyumbani kwangu kunatungwa sheria mpya. Uliandika "ushahidi uko wapi?" nikaanza kupigwa picha nikiosha sufuria. Nikavumilia. Kisha ukaandika "sampuli ni ndogo mno." Jameni, mtu mwenye mke mmoja ukimwambia hivyo, unamtuma wapi? Jioni hiyo aliniuliza, kwa upole kabisa, kama jirani yetu Lornah ameshaolewa.

4. Nikafunga virago nikarudi kwa baba yangu, Mzee Masinde. Desturi unaijua: mke akirudi kwao kwa hasira, mume huja na wazee, anakaa chini, anaulizwa, anajibu, ndipo anapewa mkewe. Obiero hakuja. Alinitumia kwa simu hojaji ya mfanyakazi anayeacha kazi, nichague kati ya "naridhika sana" na "siridhiki kabisa." Baba alivaa miwani akaisoma yote, kisha akauliza huyo mwajiri ni nani. Nililia, Daktari. Nampenda huyo mtu, na nilikuwa nimeshapiga pasi nguo ya kumpokea.

Kwa hayo yote naomba mambo mawili. Kwanza, acha kurudisha hizo sura. Mpe shahada yake hata Jumatatu, na makosa yake yote ndani. Sisi huku hatutaisoma. Pili, kwa kuwa Obiero haogopi baba yake wala pasta ila wewe tu, njoo naye Port Victoria uwe msemaji wa wazee wake. Utakaa kiti cha mbele na utachinjiwa kuku. Kalamu nyekundu tafadhali iache kwenye gari.

Wasalimie walimu wenzako wote, na karani anayepokea hizo sura. Msalimie pia mkeo, ambaye namwombea kila siku.

Ni mimi niliyekwazika lakini ninayekuheshimu,
Jacinta Masinde

Tanbihi: Nilikuwa natafuta mtu wa kukuletea barua hii Obiero alipoingia uani na baba yake mdogo, Mzee Ooko. Alikaa chini mbele ya baba. Alisema umemrudishia sura ya mwisho, na pembeni umeandika: "Umeeleza mfanyakazi anavyopelekwa na anavyopimwa. Je, anarudishwaje nyumbani?" Alisema alilitafuta jibu kwenye vitabu vyote akalikosa, akaona heri apande gari. Kisha akaniita Nyar Port, binti wa Port Victoria, kama alivyoniita siku za uchumba, mbele ya watu wote. Tunaondoka kesho asubuhi. Kwa hiyo yale niliyoomba hapo juu yaache kabisa. Mrudishie hiyo sura tena, na wino ukikuishia niambie.