Mshauri wa Safari ya Harusi ya Tulia

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Tulia anaolewa! Si na mimi. Na Ackson, Mmalawi wa Karonga, mwenye gari jeupe na meno ya kufanana nalo. Harusi huko huko kwao, kando ya ziwa, tarehe 16. Kadi nimezichapa mimi, hapa dukani kwangu Bagamoyo, hii ya kwetu Mbeya, si ile ya pwani. Mashine haikukwama hata mara moja. Msaliti!

Mama Tulia kaja kuzichukua. Akauliza kama kuna mtu anaijua Malawi, maana wageni wake hawajawahi kuvuka mpaka. Nikasema naijua nje ndani. (Nilifika mpakani Kasumulu, upande wetu, nikanunua viatu.)

"Ndaga fijo, asante sana, mwanangu Andongwisye! Basi wewe ndiye mshauri wa safari."

Hajafika barabarani, wazo limekuja. Tulia hawezi kuolewa bila ndugu zake. Ndugu wasipofika, hakuna harusi!

Jumatano, 6 Agosti

Nimetuma ushauri wa kwanza kwenye kundi la WhatsApp. Mkali. Asiye na hati ya kusafiria atarudishwa mpakani mbele ya watu. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo lazima. Wenye busara wataitazama harusi kwenye simu, tena wamekaa.

Hakuna aliyejibu. Raha iliyoje!

Alhamisi, 7 Agosti

Foleni mpaka nje ya duka. Wote wanataka picha za hati! Mama Tulia kawakusanya kuanzia Kyimo hadi Kiwira. Bibi Esnath, ambaye hata Mbeya mjini hajafika, kanilazimisha nimpige picha ya pili kwa sababu katika ya kwanza alifumba macho. Anasema mume wa mjukuu wake atamwona uso kwa uso, si kwenye kioo cha simu.

Wananishukuru! Nani kanituma kutoa ushauri wa kweli?

Mama Tulia kaniuliza kama hati yangu iko tayari. Nikasema siku nyingi. Ya nini? Safari yenyewe haitafika popote.

Jumapili, 10 Agosti

Ackson kaja kanisani kwetu. Kanikumbatia. Kaniita shemeji! Ananukia vizuri, shetani. Akatoa kichekesho kuhusu mchungaji na jogoo, Tulia akacheka hadi akajishika mbavu. Kichekesho kile kile nilimwambia mimi mwaka jana. Aliuliza jogoo alikuwa wa nani.

Jumatano, 13 Agosti

Ushauri wa pili. Kwa huu hatoki mtu! Saa za Malawi si saa zetu. Nikiwachanganya, watafika watu wanakunja viti. Sasa, ili wachelewe, niseme Malawi wako mbele yetu au nyuma? Nimefikiri hadi chai imepoa. Nimeandika mbele.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimeandamana nao, nishuhudie wakikwama. Kasumulu, jua la kukaanga mtu. Bibi Esnath kainua hati yake kama bendera, akapita. Wote wakapita. Afisa akaniomba yangu. Nikamweleza kwamba mimi ndiye mshauri wa safari.

"Hata mshauri anatakiwa awe na hati, kaka."

Basi likavuka bila mimi. Bibi Esnath alinipungia dirishani.

Nikakaa kwa Anyosisye, dada anayeuza wali na samaki pale mpakani. Mama Tulia akapiga simu kwa kelele za furaha. Malawi kumbe wako nyuma yetu! Wamefika mapema mno, wakapanga viti, wakaingia jikoni, mama mkwe kalia kwa shukrani. Tulia kaingia kanisani ndugu zake wote wakiwa wamesimama. Halafu akaiweka simu karibu na kwaya ili nami nifaidi.

Nilisikiliza hadi mwisho. Samaki alikuwa na miiba, ndiyo maana machozi yalinitoka.

Anyosisye akachota kwenye sufuria. Akaniongezea mchuzi.

Jumapili, 17 Agosti

Nimelala Kasumulu, mabasi ya kurudi yaliisha. Si kitu! Anyosisye ana sauti nzuri na hacheki hovyo. Asubuhi nimemsimulia cha mchungaji na jogoo. Kacheka! Nikajua Mungu hamtupi mja wake.

Kisha akasema Novemba anaolewa. Na dereva wa malori, Mzambia. Nimeonyeshwa picha: miwani, tumbo, mnyororo shingoni. Huyu naye ana nini? Harusi iko Zambia, na ndugu zake hawajui pa kuanzia.

Nimemwambia asihangaike. Zambia naijua nje ndani.